Nani Aliwakomboa Watumwa wa Williamson?

Katika miaka thelathini na minne niliyoshika chaki, kuna sentensi moja niliyoiandika ubaoni mara nyingi kuliko hata jina langu. Sentensi yenyewe ni hii: "Abraham Lincoln aliwakomboa watumwa wa Marekani mwaka 1863." Niliiandika nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaiandika sekondari, na nilipohamishiwa chuo cha ualimu, kwanza kama mkufunzi na baadaye kama mkuu wa chuo, nikawafundisha walimu namna ya kuiandika. Leo nina umri wa miaka sabini na mitano. Nimestaafu, sina mkaguzi wa kuniogopesha wala cheo cha kulinda. Kwa hiyo nasema wazi kwamba sentensi ile ni mbovu, na kwamba mimi ni mmoja wa walioisambaza.

Ubovu wake hata mwanafunzi wa sarufi anaweza kuuona. Imemfanya mtu mmoja kuwa kiima, na watu karibu milioni nne kuwa shamirisho. Yeye anatenda, wao wanatendewa. Yeye ana jina, wao ni "watumwa" tu, kama vile mtu anavyosema mbuzi au magunia.

Kijana mmoja aliuona ubovu huo kabla yangu. Ilikuwa mwaka 1984, darasa la mwaka wa pili. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuinua mkono wakati wenzake wanafunga madaftari. Akasimama akauliza: "Samahani, Mwalimu. Wakati Lincoln anawakomboa, hao watumwa wenyewe walikuwa wanafanya nini?" Darasa likacheka. Mimi sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu hujificha nyuma ya muhtasari. Nikamwambia: "Kaa chini. Swali hilo halimo kwenye muhtasari." Akakaa. Alihitimu, akapangiwa kazi, akafundisha mpaka naye akastaafu. Mara nyingine usiku hujaribu kuhesabu watoto ambao yule kijana aliwaandikia sentensi yangu, kwa sababu tu nilimkalisha chini siku ile. Hesabu hainijii sawa.

Jibu la swali lake nilikuja kulikuta nikiwa mzee, mbali sana na darasa lile. Mwaka 2022 binti yangu, ambaye ni muuguzi katika jiji la Nashville, jimbo la Tennessee, alinikatia tiketi nikamwone mjukuu. Jumamosi moja akaniambia, "Baba, wewe na historia yako, twende Franklin." Franklin ni mji mdogo, yapata kilometa thelathini kusini mwa Nashville, na ndio makao makuu ya wilaya ya Williamson. Wenyewe wilaya huiita kaunti, kama majirani zetu wa Kenya wanavyofanya siku hizi.

Katikati ya mji kuna uwanja, na katikati ya uwanja kuna mnara mrefu wenye askari wa mawe juu yake. Huyo ni askari wa Shirikisho la Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga na Muungano wa Marekani mwaka 1860 na 1861 ili utumwa usije ukaguswa. Mnara ulizinduliwa tarehe 30 Novemba 1899, kwa juhudi za chama cha mabinti wa askari hao wa kusini. Wenyeji humwita yule askari Chip, kwa kuwa kofia yake ilimeguka wakati wa kumpandisha juu. Hatua chache tu kutoka hapo, mbele ya jengo la zamani la mahakama, yupo askari wa pili. Huyu ni wa shaba, ni mtu mweusi, amevaa sare ya jeshi la Muungano, ana bunduki, na chini ya miguu yake zimo pingu zilizokatika. Huyu alizinduliwa tarehe 23 Oktoba 2021, na sanamu yake imepewa jina ambalo kwa Kiswahili ningeliita Safari ya Kuuendea Uhuru.

Ndugu msomaji, toa 1899 katika 2021. Ni miaka 122. Kwa muda huo wote mtoto mweusi aliyezaliwa Franklin alipita uwanjani akienda dukani, akainua macho, akamwona askari mmoja tu. Angemuuliza mama yake, "Na babu zetu, wao walikuwa wapi?" Naamini wapo waliouliza, na naamini wapo waliokalishwa chini kama nilivyomkalisha yule kijana wangu.

Basi nieleze walikuwa wapi, maana hili si jambo la kubahatisha, limeandikwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, zaidi ya nusu ya wakazi wa wilaya ya Williamson walikuwa watumwa. Tennessee ndilo jimbo lililokuwa la mwisho kujiunga na Shirikisho la Kusini, Juni 1861, na Nashville ukawa mji mkuu wa kwanza wa jimbo la waasi kuangukia mikononi mwa Muungano, Februari 1862. Tangu hapo, mtumwa wa Williamson alijua kwamba mwendo wa usiku mmoja au miwili kuelekea kaskazini kuna jeshi lisilomtambua bwana wake. Watu wakaanza kutembea. Hawakungoja tangazo. Walibeba watoto, wakakwepa doria, wakaingia katika kambi za Muungano ambako hawakupokewa kwa mikono miwili hata kidogo. Wengi walikamatwa wakafanyishwa kazi. Ngome ya Negley iliyopo Nashville ilijengwa mwaka 1862 na watu weusi zaidi ya 2,700, na wengi wao hawakulipwa hata senti moja.

Sasa tuje kwenye tamko la Lincoln la tarehe 1 Januari 1863, lile la sentensi yangu. Tamko lile lilihusu majimbo na sehemu zilizokuwa bado katika uasi. Tennessee haikutajwa. Iliachwa nje kwa makusudi, kwa sababu tayari ilikuwa na gavana wa kijeshi aliyewekwa na Lincoln mwenyewe, na wanasiasa walitaka kuwabembeleza wazungu wa jimbo hilo warudi kundini. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 2 Januari 1863, mtumwa wa Williamson aliamka mtumwa vilevile, na Lincoln akiwa amekwisha kutia sahihi. Miaka thelathini na minne nimefundisha tamko hili, na hata siku moja sikuwaambia wanafunzi wangu kwamba lina mahali palipoachwa. Sikuwaambia kwa sababu sikuwa nimelisoma. Nilikuwa nimesoma vitabu vilivyosema kwamba lipo.

Kilichofungua mlango kwa mtumwa wa Tennessee kilikuwa bunduki. Mwaka 1863 serikali ya Muungano, ikiwa imepoteza vijana wengi, iliamua kuandikisha watu weusi kwa wingi katika vikosi vyao maalumu, na mtumwa aliyevaa sare alihesabiwa kuwa huru. Kutoka Tennessee peke yake waliandikishwa 20,133. Kutoka wilaya moja tu ya Williamson, watafiti wamekwisha kuwatambua zaidi ya 300. Mia tatu! Ni shule nzima ya kijijini, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, inatoka inakwenda vitani.

Tena walikwenda kwa masharti gani? Bwana mwenye mtumwa, akiapa kuwa mtiifu kwa Muungano, aliahidiwa fidia ya hadi dola 300 kwa mtumwa wake aliyeandikishwa. Askari mwenyewe alipangiwa dola 10 kwa mwezi, zikikatwa 3 za mavazi, zikibaki 7, wakati askari mzungu alipata 13 na mavazi juu. Haki ya mshahara sawa ilipatikana Juni 1864, baada ya askari weusi kulalamika na wengine kukataa kabisa kupokea malipo pungufu. Hatari nayo haikuwa sawa. Aprili 1864, katika ngome ya Pillow iliyo magharibi mwa Tennessee hiyohiyo, majeshi ya Jenerali Nathan Bedford Forrest, aliyekuwa mfanyabiashara ya watumwa kabla ya vita, yaliwaua askari weusi wengi waliokuwa wamekwisha kusalimu amri. Habari hizo zilienea. Mtu aliyejiandikisha baada ya Aprili ile alijua kwamba kwake yeye hakuna kutekwa. Kuna kushinda au kufa.

Mwezi Desemba mwaka huohuo, tarehe 15 na 16, vita kubwa ilipiganwa nje kidogo ya Nashville. Kikosi cha 13 cha askari weusi, ambacho kwa muda mrefu kilifanyishwa kazi ya kujenga na kulinda reli, kiliamriwa kupanda kilima kilichoshikwa na waasi. Bendera yake ilibebwa na mtu mmoja akapigwa, ikachukuliwa na mwingine akapigwa, ikachukuliwa tena. Siku ile moja kikosi kilipoteza watu 220, waliokufa na waliojeruhiwa. Hakuna kikosi kingine cha Muungano kilichopoteza watu wengi hivyo katika vita ile. Hata jenerali wa upande wa adui alisifu ujasiri wao katika taarifa yake. Watu wa Williamson walikuwamo katika vikosi hivi vya Tennessee. Wengine walikuwa wakipigana mahali ambapo siku yenye hewa safi ungeweza kutembea ukafika nyumbani kwao.

Hilo ndilo jibu, kijana wangu, popote ulipo. Wakati Lincoln anawakomboa, hivyo ndivyo walivyokuwa wanafanya.

Najua yapo mapingamizi, na sitaki kuyakimbia. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, tunayekutana jioni kwenye kibaraza cha duka, amenipa yote matatu kwa nyakati mbalimbali, naye ni mtu wa kusikilizwa.

La kwanza aliniambia hivi: "Mzee mwenzangu, wafu hawana kesi. Mambo ya 1864 kwa nini yachokozwe?" Mimi namjibu kwamba waliochokoza si watu wa 2021. Mnara wa Chip haukuota kama uyoga baada ya vita. Ulisimamishwa miaka 35 baadaye, na watu waliochanga fedha, wakachagua mahali, wakachagua tarehe. Walichagua tarehe ileile ya vita ya Franklin. Mwaka 1899 haki ya kura aliyoipata mtu mweusi baada ya vita ilikuwa ikinyang'anywa kote kusini. Ukisimika mnara mbele ya mahakama katika wakati kama huo, unamwambia mtu anayekwenda kudai haki yake nani mwenye mahakama. Halafu leo, mwingine anapotaka kuongeza neno lake, tunamwambia asichokoze yaliyopita. Mwenye kovu usidhani kapoa. Aliyekuwa akimwambia mwenzake asahau, yeye mwenyewe alikuwa amejenga kwa jiwe ili asisahau.

La pili: "Si wote waliojitolea. Wengine walikamatwa tu wakavishwa sare." Hili ni kweli, nami nalikubali bila kigugumizi. Wapo waandikishaji waliowazingira watu mashambani na hata makanisani. Lakini tuwe na mizani moja. Jeshi la kusini nalo lilikuwa na sheria ya kulazimisha vijana kuandikishwa tangu Aprili 1862, na sijaona mtu akisema kwamba kwa sababu hiyo Chip ashushwe awekwe chini ya mti. Kwa askari mzungu tunasema alitimiza wajibu. Kwa askari mweusi tunauliza kama alitaka kweli. Mwalimu anayesahihisha mitihani kwa kalamu mbili tofauti, mkaguzi angemwandika barua.

La tatu ndilo gumu zaidi: "Sasa wana sanamu mbili, kila upande na yake. Yaishe." Hapa ndipo mimi na rafiki yangu tunapoachana. Ukiweka askari wawili uwanjani na kuwaacha wakitazamana, utamfundisha mtoto kwamba walikuwa mashujaa wawili waliotofautiana maoni. Hawakutofautiana maoni. Mmoja alipigana ili mwingine aendelee kuuzwa, na katika uwanja huohuo wa Franklin watu walikuwa wakiuzwa kweli. Hilo nalo sasa limeandikwa kwenye mabango yaliyowekwa hapo Oktoba 2019, pamoja na habari za ghasia za Julai 1867, wakati weusi wa mji, wakiwamo waliotoka vitani, waliposhambuliwa kwa sababu ya siasa. Mimi siombi Chip ang'olewe. Huo ni uamuzi wa wenye mji. Ninachodai ni kwamba anayesimama chini yake na watoto awaambie alikuwa akipigania nini, kwa maneno ya kawaida, bila kupaka asali.

Sisemi haya kwa sababu sina huruma na wafu wa upande ule. Wapo hapo Franklin watu wanaosimulia kisa cha Kapteni Tod Carter, kijana wa miaka 24, mzaliwa wa mji huo, aliyetoka Mei 1861 kwenda kupigania kusini. Vita ikamrudisha kwao. Jioni ya tarehe 30 Novemba 1864, jeshi lake lilishambulia mistari ya Muungano iliyopita hasa katika kiwanja cha nyumba ya baba yake, huku familia yake imejificha kwenye chumba cha chini ya nyumba. Kwa saa chache tu, zaidi ya watu 8,500 waliuawa, kujeruhiwa, au kutoweka kwa pande zote. Yeye alianguka karibu na nyumba yao. Dada zake walimtafuta kwa taa usiku, wakambeba ndani, akafa tarehe 2 Desemba katika nyumba aliyozaliwa. Nilisimama katika nyumba ile na macho yangu yalilowa, sioni aibu kusema. Mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu.

Lakini nilipotoka nje nilijiuliza: familia ya Carter ilimiliki watumwa. Wao je? Kama wapo waliotoka katika mashamba ya wilaya ile kwenda kupigana na jeshi la akina Tod, mama zao nao walishika taa? Tunajua chumba alichofia kapteni, tunajua saa, tunajua nani alikuwapo kitandani. Tofauti kati yake na wale mia tatu haikuwa katika ushujaa wala katika mapenzi ya mama. Ilikuwa katika karatasi.

Hapa ndipo ninapotaka kila mwalimu wa historia anisikilize. Katika sensa ya Marekani ya 1850 na ya 1860, watumwa waliorodheshwa katika daftari lao la pekee, chini ya jina la mwenye mali. Aliandikwa umri, jinsi na rangi. Mwanamume, miaka 22, mweusi. Mwanamke, miaka 30, mweusi. Jina hapana. Kwa wengi wao, daftari la jeshi lilikuwa ndiyo karatasi ya kwanza ya serikali kuandika jina lao. Mtu alifika mbele ya meza, akaulizwa, "Jina lako nani?" Naomba uisome tena hiyo. Serikali ilimuuliza mtumwa jina lake. Wengine walitaja la bwana wao, wengine la baba yao, wengine walichagua jipya palepale.

Na miaka mingi baadaye, wajane wao walipokwenda kudai pensheni, walitakiwa kuthibitisha kwamba kweli waliolewa, ilhali ndoa ya mtumwa haikuwa na cheti wala haikutambuliwa na sheria ya jimbo. Basi wakaleta majirani, wazee, wakunga waliowazalisha, wakaapa na kusimulia: alimwoa mwaka fulani, kwenye shamba la fulani, mtoto wao wa kwanza alifariki. Makarani wakaandika. Maelfu ya majalada hayo yamehifadhiwa Washington mpaka leo, na humo ndimo watafiti wa Franklin walimochimba majina yao mia tatu na ushei. Hawakugundua siri yoyote. Walifungua majalada ambayo yalikuwa yakimngoja mtu wa kuyafungua.

Msomaji wangu atasema, haya ni ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini? Rafiki yangu wa kibarazani aliniuliza hivyohivyo. Nikamwuliza naye, "Bibi yako alikuwa anaita nini ile nguo nyeupe ya pamba isiyopaushwa?" Akacheka. "Merikani." Naam, merikani. Tangu Seyyid Said alipotia sahihi mkataba na Wamarekani mwaka 1833, meli za Salem, jimbo la Massachusetts, zilileta Zanzibar vitambaa vilivyofumwa kaskazini mwa Marekani kwa pamba iliyolimwa na kuvunwa na watumwa wa kusini. Kutoka Zanzibar vikapanda bara mabegani mwa wapagazi, vikawa ndiyo fedha ya njiani. Kwa merikani ulinunua chakula, ulinunua pembe, na ulinunua mtu. Pamba ya mtumwa wa kule ikamnunua mtumwa wa huku. Vita ile ilipozuka mwaka 1861, pamba ikaadimika, na nguo ya merikani ikawa haba na ghali Zanzibar, mpaka Waingereza na wafanyabiashara wa Kihindi wakaingiza zao. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, sidhani kama walifikiria jambo hili, lakini mimi siku hizi siwezi kulisikia neno hilo bila kulifikiria.

Kisha kuna jambo la karibu zaidi. Babu yangu mzaa baba alikamatwa kuwa mpagazi katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Alirudi. Alikuwa na alama begani ambayo sisi wajukuu tuliichezea kwa vidole bila kujua ni nini. Alikuwa akisema waliondoka kijijini wengi, wakarudi wachache, lakini hakutaka kuongeza. Katikati ya Dar es Salaam tunayo sanamu ya askari, iliyosimikwa mwaka 1927, na nyingine ziko Nairobi na Mombasa. Maandishi yake yanawataja askari na wapagazi, na yanaahidi kwamba anayeifia nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Ahadi nzuri. Zunguka ile sanamu pande zote nne, msomaji, unitafutie jina hata moja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwa maandishi kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, waliofia upande wa Waingereza katika vita ile, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ni mwaka uleule waliomsimika askari wa shaba kule Franklin.

Sasa sitaki kuwalaumu Waingereza peke yao, ingekuwa rahisi mno. Sisi tumekuwa huru tangu 1961. Tumekuwa na walimu wa historia katika kila kata. Wazee waliorudi kutoka vita ile walikuwa hai wakati mimi naanza kazi. Walikaa chini ya miembe iliyokuwa nyuma ya darasa langu. Ndani ya darasa mimi nilikuwa nafundisha kwamba Lincoln aliwakomboa watumwa. Ningetoka nje dakika arobaini tu, na daftari na penseli, ningewauliza, "Mzee, nani mliondoka nao?" Sikutoka. Hakuna mkoloni aliyenizuia. Muhtasari haukunikataza, nami sikuwahi kuuuliza.

Ndiyo maana nasema tusijifariji kwamba historia iliyopotea iliibiwa yote. Nyingine iliachwa tu ikafa kwa kiu, na walimu tulikuwa na ndoo mkononi. Watu wa Williamson walichelewa miaka 122, lakini majalada yaliwasubiri. Sisi huku karatasi zetu zilikuwa vichwani mwa wazee, na vichwa havisubiri.

Kwa walimu vijana mtakaosoma kijitabu hiki nina maombi mawili. La kwanza, ifuteni sentensi yangu. Andikeni badala yake kwamba watumwa wa Marekani walitoroka, walifanya kazi, na wanaume weusi wapatao 179,000 walipigana katika jeshi la nchi kavu, karibu 40,000 wakafa, wengi kwa maradhi, na kwamba tamko la Lincoln lilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Ni ndefu zaidi, najua. Inaenea ubaoni. La pili, mwanafunzi akiuliza, "Wao wenyewe walikuwa wanafanya nini?" msimkalishe chini. Mkiwa hamjui, semeni hamjui, kisha mkatafute naye.

Niliporudi kutoka Tennessee nilikwenda kijijini kwetu kwa wiki tatu. Nilikaa na wajukuu wa watu wa rika la babu, wote sasa ni wazee kama mimi, nikawauliza ni nani walioondoka na babu kubeba mizigo ya vita. Baada ya kuchekesha, kubishana na kusahihishana, nilipata majina kumi na moja. Matatu hayana uhakika wa ukoo. Manne waliorudi, saba hawakurudi. Nimeyaandika katika daftari la mistari, kwa wino, na nakala nimempa mwalimu mkuu wa shule ya msingi pale kijijini. Ameniahidi atayabandika ofisini. Nimemwomba asiyabandike ofisini, ayabandike darasani.